Macho ya Wanawake wa Szarvaskút

Bori alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko wakati Enikő, yule binti msimamizi wa makumbusho ya mji, alipogonga dirisha la jikoni. Mtu anayegonga dirisha wakati mlango upo hataki kuonekana na mwenye nyumba, na Bori, ambaye umbea aliunusa kabla haujaiva, alifungua haraka.

"Nabusu mkono, shangazi," binti alisalimia kwa heshima ya huko, akinong'ona. "Mzee yupo?"

"Amelala. Leo ni kiuno. Jana lilikuwa tumbo, juzi moyo. Pita, mwanangu, kula pogácsa, bado za moto."

Pogácsa zile, vimkate vya chumvi vilivyojaa mafuta ya nguruwe, zilikuwa za kesho yake, siku ya kufungua maonyesho. Katika mji wa Szarvaskút mtu angeweza kusamehe picha mbaya, hotuba ndefu, hata divai iliyochacha, lakini ufunguzi usio na pogácsa ulikuwa ni matusi. Na maonyesho yenyewe yalikuwa ya mume wake. Kelecsényi Ambrus, mchoraji wa sura za watu, kazi zake zote kwenye ukumbi mmoja, mara ya kwanza maishani mwake, akiwa na miaka sabini na minane.

Ambrus hakuwahi kulala njaa kwa ajili ya sanaa, jambo ambalo wachoraji wa Budapest hawakumsamehe. Siri ilikuwa moja tu: hakuna aliyetoka kwake akiwa mbaya kuliko alivyoingia. Videvu viwili vilitoka vikiwa kimoja, upara ukaota nywele, na wanaume wote walivikwa suti moja ya buluu iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango, ikawaenea wote kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyewahi kuivaa. Enzi za chama cha kikomunisti aliwachora wenyeviti wa ushirika wakiwa na nishani kifuani. Serikali ilipobadilika, wenyeviti walewale walirudi na picha wamezificha chini ya koti, naye bila kuuliza neno akazifuta nishani na mahali pake akaweka msalaba mdogo wa fedha. Mji mzima ulimpenda. Sebule haikuwa sebule bila picha ya Ambrus juu ya kochi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuchorwa naye, na huyo ni mkewe. Bori alianza kuomba akiwa bibi harusi, akaambiwa "baadaye". Akaomba kwa mapenzi, akaja akaomba kwa hasira, mwisho akaacha kuomba, na huko kuacha ndiko kulikomuuma zaidi. Hiyo "baadaye" ilikuwa imefikisha miaka hamsini na kitu.

"Shangazi," Enikő alisema akiwa na mkate mdomoni, "nimemaliza kuzitundika leo. Unajua hazijawahi kukaa pamoja? Zimetoka kila moja kwenye nyumba yake. Upande mmoja nimeweka wanaume, upande wa pili wanawake. Nikarudi nyuma ili nione kama zimenyooka."

"Enhe?"

"Wanawake wote wana macho yaleyale."

"Yaleyale vipi?"

"Ya mtu mmoja, shangazi! Pua tofauti, midomo tofauti, huyu mke wa mfamasia, huyu mke wa daktari wa mifugo, huyu mama wa posta, yule mke wa mchungaji. Lakini macho ni ya mtu mmoja. Makubwa, meusi, na kope la kushoto limelegea hivi." Enikő akalilegeza la kwake kuonyesha. "Kama mtu anayerembua."

Bori aliacha kukanda. Macho yake yeye yalikuwa madogo, ya kijivu, na hayajawahi kumrembulia mtu tangu azaliwe.

"Nikadhani wewe utajua ni ya nani," Enikő aliendelea, masikini, bila kuona anachokanyaga. "Nataka kuyataja kwenye hotuba. Kuna bwana mmoja anakuja kutoka gazeti la Budapest, wanapenda sana mambo kama hayo."

"Usitaje kitu," Bori alisema. "Kesho nitakuletea mwenye macho, nimemshika nywele."

Binti alipoondoka, Bori alikwenda chumbani na unga wake mikononi. Ambrus alikuwa chali chini ya shuka nene la manyoya, miwani usoni, akitazama dari.

"Kesho unakwenda, mzee."

"Kiuno, Bori."

"Utakwenda hata kama ni kwa toroli la mbolea."

Ambrus aliacha kutazama dari. "Nimesikia sauti. Enikő amekuja? Amesema nini?"

"Amesema picha zimekaa vizuri."

Ambrus alivuta shuka akajifunika uso. Mtu asiye na hatia hajifuniki uso saa tisa mchana, Bori alijiambia, na pale pale akajiapiza. Kama yale macho ni ya mwanamke, na bila shaka ni ya mwanamke, basi kesho kutwa atapanda treni kwenda kwa dada yake katika mji wa Baja, na Ambrus atajikaangia mayai mpaka siku ya kufa kwake. Hasira ilikuwa nyingi lakini chini yake kulikuwa na kitu kibaya zaidi ya hasira. Miaka yote hiyo alijituliza kwamba mumewe ni mzembe tu. Kumbe alikuwa na mtu wa kumchora, tena alimchora kila wiki, mbele ya mji mzima, akimvika pua za watu wengine.

Siku ya pili ukumbi ulijaa kabla ya saa. Watu walikuja na wajukuu, wakaenda moja kwa moja kwenye pogácsa, kisha kila mmoja akaenda kujitafuta ukutani. Ambrus aliketishwa kwenye kiti cha heshima karibu na meya, amenyooka kama mtu anayesubiri hukumu. Bori hakuketi. Alikuwa kiguu na njia, mkononi sahani ya mikate, usoni tabasamu ambalo waliomfahamu wangelikimbia.

Mara alipoingia tu aliyaona. Enikő hakutia chumvi. Kutoka ukutani walimtazama wanawake thelathini na zaidi, kope la kushoto chini kidogo, wanarembua kama wamekula njama. Chini yao kila kibao kilisema mke wa fulani, mke wa fulani, kana kwamba hakuna mwanamke hata mmoja mjini aliyezaliwa na jina lake mwenyewe.

"Mama wa posta!" Bori aliita. "Njoo usimame chini ya picha yako, mpiga picha anakuja."

Hakukuwa na mpiga picha. Mama wa posta alisimama, akajiweka sawa, na Bori akamsogelea na sahani mpaka pua zikakaribia kugusana. Macho ya duara kama vifungo vya shati. Siye.

"Na wewe, bibi daktari."

Mke wa daktari wa mifugo alikuwa na macho ya buluu, na moja tangu utotoni lilitazama upande ambao mwenzake hakuvutiwa nao. Ukutani yote mawili yalitazama mbele, meusi na malegevu.

"Hata hayafanani na yako," Bori alimchokoza.

"Ndiyo maana tulimlipa," alijibu bibi yule, akachukua mikate miwili.

Alimpitia na mke wa mchungaji, na mjane wa mwenyekiti wa ushirika, na yule mwalimu wa muziki aliyehamia Szeged na kurudi kwa ajili ya siku hiyo tu. Siye, siye, siye. Alibaki mmoja, na Bori alikuwa amemwacha wa mwisho kwa makusudi, kama mtoto anavyoacha nyama pembeni ya sahani.

Szeréna, mjane wa mfamasia, alikuwa amesimama chini ya picha yake, ile iliyowekwa kwenye tangazo mlangoni, amevaa kofia pana na ngozi ya mbweha shingoni. Walisoma naye dawati moja. Bori alimshuku tangu mwaka ule Szeréna alipokwenda kuchorwa na kurudi nyumbani akiimba barabarani.

"Szeréna mwenzangu, umependeza huko ukutani."

"Na hapa chini?"

"Hapa chini kuna joto. Vua hiyo kofia."

Szeréna aliivua. Macho yalikuwa ya kijani kibichi, kope zimekaa sawasawa kama zimepimwa. Bori alishusha pumzi, kisha akaona hasira. Nusu karne alikuwa amemchukia mwanamke huyu, na sasa ananyang'anywa sababu mbele ya watu.

"Mbona unanikodolea macho hivyo?" Szeréna aliuliza.

"Yale ya kule juu si yako."

"Najua si yangu! Nilimwambia mumeo, yangu ni ya kijani. Akasema kijani kitagombana na pazia."

"Basi ni ya nani?"

"Wewe ndiye unayelala naye, unaniuliza mimi?" Szeréna alitazama huku na huku, akainama, na sauti yake ikashuka. "Sikiliza, Bori. Tumezeeka, nitakwambia. Mimi nilikwenda pale nimejitia manukato ya Paris. Sikufichi, nilitaka anione. Nimekaa wiki nzima kwenye kiti chake kile kigumu, nimebana pumzi ili kiuno kionekane. Unajua alichokuwa anatazama? Kioo."

"Kile cha mkono? Hicho ni cha kukagulia makosa. Wachoraji wote wanacho. Picha ukiitazama kiooni unaona palipopinda."

"Makosa gani ya wiki nzima? Na picha ilikuwa mbele yake, yeye kajigeuzia kioo mwenyewe! Alipofika kwenye macho alivua miwani, akakileta kioo mpaka puani, akawa anachungulia kioo, anachora, anachungulia, anachora. Mimi ningeweza kwenda kunywa kahawa na kurudi. Nilirudi nyumbani naimba ili watu wasijue kwamba sikutazamwa."

Bori alimkabidhi Szeréna sahani, akaanza kupenya katikati ya watu kuelekea kiti cha heshima.

Ambrus alivaa miwani tangu daktari wa jeshi alipomvalisha akiwa kijana. Vioo vilikuwa vinene kama vitako vya chupa, na nyuma yake yaliogelea madoa mawili madogo ambayo Bori aliyaita macho ya mumewe kwa kukosa jina lingine. Usiku mzee huyo alilala amegeukia ukuta. Asubuhi kitu cha kwanza alichopapasa ni miwani, hata kabla ya meno.

"Vua miwani."

"Bori, meya anazungumza."

"Huyu amekuwa akizungumza tangu achaguliwe. Vua."

Meya alinyamaza. Ambrus alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona hapana pa kukimbilia, akaivua.

Yalikuwa makubwa. Yalikuwa meusi. Kope la kushoto lilikuwa limelegea, na chini ya nyusi nyeupe za kibabu yale macho ya mrembo yalimtazama Bori kwa woga mtupu.

Kicheko kilimpanda Bori kutoka miguuni, akalazimika kushika bega la meya.

"Mama wa posta!" alisema kwa sauti ya chini, machozi yanamtoka. "Mjane wa mwenyekiti! Mke wa mchungaji, wewe mzee! Mke wa mchungaji amewarembulia waumini miaka thelathini kwa macho yako!"

"Punguza sauti," Ambrus alimsihi. "Watu hawatulii wakikaa. Wanakukodolea, wanapepesa, wanaanza kufikiria chakula, macho yanakufa. Yangu yalikuwa karibu, tena yanatulia. Hakuna aliyelalamika, Bori."

"Na hili kope?"

"Bata bukini alinidonoa nikiwa mtoto."

Bori aliacha kucheka. Kuna kitu alitaka kuuliza, kile kimoja tu, na kilikuwa kimeshafika kwenye ulimi. Lakini yule bwana wa gazeti la Budapest alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, skafu shingoni, glasi mkononi, na amewahi yeye kuuliza la kwake kwa sauti ya kutangaza.

"Bwana Kelecsényi, samahani. Hawa wanawake wote wana macho ya mtu mmoja. Tunaweza kujua ni ya nani?"

Wanawake waliinua vichwa. Kila mmoja alikuwa amejitazama mwenyewe tu tangu aingie, na sasa kwa mara ya kwanza alimtazama wa jirani.

"Ee! Umempa mama wa posta macho yangu!" mke wa daktari wa mifugo alifoka.

"Yako lini? Mimi nilichorwa kabla yako!"

"Nirudishieni picha yangu!"

Ambrus alikuwa mweupe kama unga. Miwani ilikuwa bado mkononi, na Bori aliona wazi kwamba akibaki hivyo dakika moja zaidi kuna mtu atamtazama vizuri, halafu basi. Watamcheka mpaka kaburini. Picha zitashushwa juu ya makochi, na mzee aliyewapendezesha wote atakufa akiwa yule babu aliyejichora mwenyewe kwenye nyuso za wake za watu. Bori alimpokonya miwani akamvalisha, kwa nguvu, sikio moja likakunjika.

"Ni yangu," alisema.

Wote waligeuka.

"Macho ni yangu mimi. Ya ujana wangu. Mnashangaa nini? Mlitaka aweke ya nani, na mke anaye?"

Enikő alikuwa mdomo wazi kando ya meza ya divai. Bwana wa Budapest alianza kuandika upesi upesi. Lakini Szeréna, na sahani yake, hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi.

"Yako! Tumekaa dawati moja, Bori! Yako yalikuwa kama mbegu za tufaha!"

"Wewe uliyaona darasani, Szeréna. Mume wangu aliyaona kwingine."

Ukumbi ulilipuka. Mchungaji alipaliwa na divai, ikabidi apigwe mgongoni. Wanawake walitazamana, wakamtazama Bori, na hakuna aliyethubutu tena kudai macho ambayo yameshapata mwenyewe. Waume zao, wazee waliokaa miaka wakisifu macho ya wake zao juu ya kochi, walitazama chini kwa haya. Baadaye mmoja mmoja walimpitia Bori kumpongeza, na muuza mbegu mmoja mstaafu alimbusu mkono mara mbili mpaka mkewe akamvuta koti. Bori alipokea yote hayo kama mtu anayepokea haki yake. Hajawahi kufurahi vile kwa uongo.

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua bado liko juu ya mnara wa kanisa. Kiuno cha Ambrus kilikuwa kimepona kabisa. Walipofika kwenye uzio wa shule, Bori alisimama.

"Sasa nijibu. Na mimi?"

Ambrus hakujifanya hajaelewa. "Nilikuchora."

"Lini?"

"Ukiwa sokoni. Ukiwa kwa dada yako. Sijui mara ngapi. Nikifika kwenye macho mkono unaweka yangu, umeshazoea. Kwa mke wa mchungaji sikujali, sijui hata yake yana rangi gani. Lakini kwako picha ilikuwa inageuka mtu mwingine aliyevaa kitambaa chako cha kichwani. Nikaona kinyaa. Nikakwangua."

"Ungeweka yangu!"

"Ningewekaje bila kukutazama? Na wewe ukitazamwa kidogo tu unauliza, 'Unataka nini?'"

Bori alifungua mdomo, na ni kweli, neno lililokuwa linatoka ni hilohilo. Akaufunga.

"Ni ya kijivu," Ambrus alisema, akitazama barabara. "La kulia linaanza kucheka kabla ya la kushoto. Ukidanganya yanatulia sana, kama leo. Ukitaka kulia unayakaza, unamtafuta mtu wa kugombana naye. Nayajua yote, Bori. Kuyaweka tu ndiko kulikonishinda."

Walianza tena kutembea. Bori aliona aibu, na haikuwa tabia yake. Alikuwa amemlalamikia mtu huyu nusu karne kwamba hamtazami, na hakujua hata kwamba kope lake limelegea.

"Kesho asubuhi nakaa," alisema mwishowe. "Na ukithubutu kunipunguzia kidevu, nakwenda Baja."

Asubuhi alikaa. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili na kuchana nywele mara tatu, akapanga na maneno ya kumtania ili kazi isiende kimya. Ambrus alisogeza kiti chake karibu, karibu kuliko alivyowahi kuwasogelea mke wa mfamasia na wenzake, akashika brashi, akamtazama. Kioo hakikuwepo, hakuwa na kitu kingine cha kutazama. Hakuharakisha wala hakuanza kuchora, alitazama tu, na maneno yote aliyoyapanga Bori yakamtoka kichwani moja baada ya jingine. Mwanamke aliyemnyamazisha meya na kummaliza Szeréna mbele ya mji mzima alihisi moto unampanda shingoni mpaka masikioni, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazama chini.

"Inua macho, Bori."

"Subiri," alisema. "Subiri kidogo."